Skrini Moja, Wachoraji Mia
Kituo cha kitaifa cha data kiko Konza, Makueni. Je, vijana wa Ukambani wanafanyia wapi mazoezi ya mitandao? Mimi napendekeza Pixelflut, mchezo wa wadukuzi wa Ujerumani. Skrini ni moja, na wote wanaichora kupitia mtandao. Ukituma “PX 20 30 ff0000”, nukta iliyo kwenye 20, 30 inageuka nyekundu mpaka mwenzako aifunike. Anayetuma amri mojamoja atafunikwa mara moja. Kwa hiyo fungasha maelfu ya amri pamoja, fungua miunganisho kadhaa, kisha gawia kompyuta tano picha, kila moja na kipande chake. Bando halihitajiki, ni swichi na nyaya tu. Walimu wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, pale Kitui, jaribuni muhula huu.