Wimbo wa Vita Jukwaani: Adui ni Nani?

Nyimbo za vita za Wakipsigis zimepata makao mapya katika tamasha za muziki za shule na vyuo, mashindano yaliyoanza nchini Kenya mwaka 1927. Huko Litein, kama kwingineko katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, kijana wa shule huweza kujifunga ngozi, akashika ngao na mkuki, akaimba yaliyoimbwa zamani kabla ya kwenda kuteka ng'ombe. Watazamaji hushangilia, waamuzi wakatoa alama. Swali linalompasa mwanafunzi wa fasihi simulizi ni hili: wimbo huo sasa unaimbwa dhidi ya nani?

Wapo wanaojibu kuwa hiyo ni sanaa tu. Jibu hilo halitoshi. Nyimbo za murenik, yaani wapiganaji waliokwisha kupita jandoni, zilikuwa na kazi: kutia ari, kumsifu aliyerudi na mifugo, kumwaibisha mwoga. Adui hakuwa wa kubuni. Alikuwa jirani, Mmaasai au Mgusii. Utawala wa kikoloni ulipozuia uvamizi wa mifugo, na mashamba makubwa ya chai yalipoanza kudai nguvu za vijana katika miaka ya 1920, wimbo ulipoteza kazi hiyo. Wamishenari nao, waliokuwa na kituo papo hapo Litein, hawakuipenda ngoma. Yakabaki maneno na mirindimo.

Maneno, hata hivyo, yana kumbukumbu ndefu. Mapema mwaka 2008, kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007, mpaka wa Sotik na Borabu uliwaka moto, Wakipsigis na Wagusii wakashambuliana, na Chepilat ikateketea. Anayedai kuwa ubeti wa kumwinda Mgusii ni pambo tu la jukwaani na aende akauimbe katika soko la Chepilat.

Isidhaniwe kuwa ngoma hii inastahili kuzikwa. Kuizika ni kupoteza hazina ya lugha, hasa misamiati ya vita na ya mifugo ambayo kijana wa leo haisikii kwingine. Lakini wanaotaka ifufuliwe neno kwa neno, wakiegemea methali ya mwacha mila ni mtumwa (methali inayotumiwa mno kufunga mijadala), husahau kuwa mila yenyewe haikuwahi kusimama tuli. Kapkatet si mbali na Litein. Hapo, mwaka 1950, Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kikipsigis wakimwimba Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swala. Jina hilo walilitoa kwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefika kwao kwa santuri. Waliomkaribisha mgeni huyo katika wimbo wao hawakuacha kuwa Wakipsigis. Pwani nako, mwishoni mwa karne ya 19, ngoma ya beni ilitwaa gwaride la askari na vyeo vyao, ikavigeuza kuwa mashindano ya mitaa.

Hata mbali na Afrika Mashariki jambo hili limefanyika. Timu ya kandanda ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Hawaii ilicheza haka ya Wamaori mwaka 2006. Baadaye ikatungiwa ngoma yake, ha'a, kwa Kihawaii. Umbo ni la kale, maneno ni mapya, na adui ni timu pinzani ya siku moja.

Walimu wa Litein wana uwezo wa kufanya vivyo hivyo. Mapigo, miruko, uitikiaji na sifa za ushujaa vibaki. Kinachohitaji mtungaji ni beti zinazomtaja adui. Wapo watakaolalamika kuwa wimbo huo si wa asili tena. Lakini wimbo wa jukwaani, unaopimwa kwa dakika na kupewa alama, uliuacha uasili huo zamani.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wana kazi ya kufanya. Mwamuzi asiyejua Kikipsigis huhukumu miruko na mavazi, maneno humpita. Kila wimbo na uandamane na tafsiri ya Kiswahili, isomwe ukumbini kabla ya ngoma kuanza. Tafsiri ikishindwa kusomwa mbele ya wanafunzi wa Kigusii walioketi mstari wa mbele, mwalimu atajua papo hapo ni beti zipi zimsubirizo mtungaji.