Silaha za Durga



Tumesoma kisa cha Durga, mungu wa kike ambaye Wahindu wa Dar es Salaam humwadhimisha kila mwaka katika Navaratri. Zimwi-nyati Mahishasura lilijua kwamba haliwezi kuuawa na mwanamume, mwanamke likamdharau. Miungu ikamkabidhi Durga silaha zake, naye akalishinda.

Wengine wetu hucheka. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulitufundisha kutokataa lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine. Hatumwabudu Durga; twajiuliza tu: huku Pugu tumewakabidhi mama zetu silaha gani? Vita vya kila siku twawaachia. Lakini mjane akinyang'anywa kiwanja, twanyamaza, ingawa Sheria ya Ardhi ya 1999 yatambua haki yake ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Kumsifu mama huku tukimnyima haki yake ni dhuluma.