Mkopo wa Kaboni? Kwani Nani Amekopa?

Watu wangu wa Voi, leo nimekasirishwa na neno moja tu.

Juzi kwenye baraza, si mbali na hapa mjini, tuligawiwa karatasi ya Kiswahili kuhusu "mikopo ya kaboni". Nyanya mmoja akanivuta mkono: "Mjukuu wangu, huu mkopo nitaulipa na nini? Wakija kuchukua shamba je?" Hakuna aliyecheka. Mkopo tunaujua: usipolipa, mbuzi anaenda.

Aliyetafsiri alikutana na "credit" akaokota maana ya kwanza. Lakini neno hilo lina sura nyingi. Kwa benki ni mkopo. Kwa simu ni kredo. Ukifanya vizuri, ni sifa. Kwenye kaboni, ni uthibitisho kwamba tani moja ya hewa ya kaboni imezuiwa kuingia angani, au imeondolewa. Hapo hakuna deni. Mwenye msitu ndiye ana kitu cha kuuza!

Wengine wanataka "hati ya kaboni". Jameni, huku hati ni ya shamba. Kaunti ambayo watu wamengoja hati miaka na miaka, utamwambia mzee asaini "hati" halafu umshangae akikataa? Mimi nasema "cheti cha kaboni", na chini yake sentensi moja ya kueleza.

Najua kuna mtu ataniambia, "Wacha maneno, pesa ndio muhimu." Sawa, tuongee pesa. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi, ilivyorekebishwa 2023, inataka miradi ya kaboni inayotumia ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, gharama zikishatolewa. Mtu anayedhani ana deni hawezi kuuliza hiyo 40 iko wapi. Ataomba tu asamehewe.

Na si mambo mapya. Mradi wa Kasigau, hapa hapa kwetu, ulikuwa wa kwanza duniani kwa miradi ya REDD kupewa vyeti chini ya kiwango cha VCS, mwaka 2011. Miaka yote hiyo, na bado tunabahatisha Kiswahili chake? Katiba, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi. Rasmi si mapambo.

Ombi langu ni dogo: kabla karatasi haijachapishwa, msomeeni nyanya mmoja. Akiuliza atalipa na nini, rudini mezani.