Mrithi wa Sauti Si Kivuli cha Marehemu

Mwimbaji mkuu wa bendi anapofariki, mashabiki aghalabu hugawika pande mbili. Wapo washikiliao kwamba bendi nayo izikwe pamoja naye, na wapo wadaio kwamba pengo lazima lizibwe, tena upesi. Pande zote mbili husahau swali la msingi: je, mrithi hurithi nini hasa?

Bendi ya muziki mzito wa roki ya AC/DC, kutoka Australia, ni mfano mwafaka. Tarehe 19 Februari 1980, mwimbaji wake, Bon Scott, alifariki jijini London akiwa na umri wa miaka 33. Marehemu alikuwa pia mtunzi wa maneno ya nyimbo. Kabla ya miezi miwili kutimia, ndugu waasisi, Malcolm na Angus Young, walikwisha kumteua Mwingereza Brian Johnson. Mwezi Julai mwaka uo huo, albamu ya Back in Black ikatolewa.

Mwenye kulaumu atasema kwamba huko ni kumvika mgeni kanzu ya marehemu kabla matanga hayajaanuliwa. Lawama hiyo ina uzito, ila albamu yenyewe inaijibu. Jalada lake ni jeusi, ishara ya msiba. Wimbo wa kwanza unatanguliwa na mlio wa kengele. Aidha, nyimbo zote zimeandikishwa kwa majina ya Johnson na ndugu hao wawili. Mgeni hakupewa kanzu ya mtu. Alipewa kitambaa akashona yake.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatashangazwa na hili. Fanani hapokei utanzu kama kasuku. Huupokea ili autambe upya mbele ya hadhira yake. Ndivyo Johnson alivyoziimba jukwaani nyimbo za Scott, kwa koo lake mwenyewe.

Zamu yake nayo ilifika. Mwaka 2016, tishio la kupoteza uwezo wa kusikia lilimwondoa jukwaani, na Axl Rose akaimalizia ziara ile. Johnson alirejea katika albamu ya Power Up mwaka 2020.

Basi, bendi ina haki ya kuendelea, lakini kwa masharti mawili: imlilie aliyeondoka waziwazi, na isimdai aliyekuja awe yeye. Ikikosa la kwanza, ni usahaulifu. Ikikosa la pili, ni dhuluma kwa wote wawili, aliye kaburini na aliye jukwaani.