Mashine Ishindayo Haina Budi Kueleza

Mnamo Mei 1997, mjini New York, kompyuta iitwayo Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji, kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5. Ilikuwa na uwezo wa kupima hali za mchezo zipatazo milioni 200 kwa sekunde moja. Leo hakuna tena ubishi juu ya nani mwenye nguvu zaidi. Swali lililobaki ni zito kuliko hilo: tangu sasa programu hizi zitengenezwe kwa shabaha gani?

Zamani watengenezaji waliandika wenyewe kanuni za kupimia mchezo, kama vile thamani ya kila kete na usalama wa mfalme. Aliyetaka kujua sababu aliweza kuzisoma. Mwaka 2017 programu ya AlphaZero, ya kampuni ya DeepMind ya London, ilipewa sheria za mchezo tu, ikajifundisha kwa kucheza na nafsi yake. Nayo Stockfish, ambayo maandishi yake yako wazi kwa umma, ilianza mwaka 2020 kutumia hesabu zinazojifunza zenyewe kutokana na mifano. Na mwaka 2024 ikaziacha kabisa kanuni za upimaji zilizoandikwa na watu. Nguvu imezidi, lakini sababu zimezama katika mamilioni ya tarakimu.

Barazani kwetu, fundi wa bao akicheza kwa namna isiyotarajiwa, vijana humwuliza sababu, naye huwaeleza. Hivyo ndivyo ujuzi urithiwavyo.

Wapo watakaosema kuwa ushindi watosha. Hatukubaliani nao. Kueleza kwawezekana: mwaka 2023 watafiti wa DeepMind walionyesha kuwa maarifa yaliyofichika ndani ya AlphaZero yaweza kuchambuliwa na kufundishwa kwa magwiji wanne wa sataranji, nao wakanufaika. Kazi hiyo ndiyo inayostahili kuongoza utengenezaji wa kesho.

Katika sataranji, kosa hugharimu mchezo tu. Lakini mashine zilizojifunza kwa njia zinazofanana na hizo sasa huwashauri madaktari wanaosoma picha za eksirei. Kwa hiyo, viongozi wetu watakapoletewa mashine ya kushauri juu ya maisha ya wananchi, wasitosheke kuambiwa kwamba ina nguvu. Waulize sababu zake, na wasiipokee mpaka wajibiwe. Kuuliza si ujinga.