Maji hayo usiyamwage, mna mboga humo!

Wiki hii sina umbea wa nani kamwacha nani. Nina kesi ya ndoo tatu za maji, na nusura ivunje ndoa ya watu.

Rafiki yangu mmoja, mtoto wa mjini haswa, kaolewa Kiriba, kule Musoma Vijijini, jirani na Ziwa Victoria. Kiswahili chenyewe kiriba ni mfuko wa ngozi wa kubebea maji, sasa jina si tayari linakuonya? Mwenzetu kaenda na mashine yake ya kuchuja maji, ile ya umeme yenye mipira miwili. Mmoja unatoa maji ya kunywa, wa pili unatoa yaliyokataliwa. Huo wa pili kauelekeza uani, maji yanakwenda zake.

Mama mkwe katazama siku tatu. Ya nne kauliza, "Mwanangu, haya ninayoyabeba mimi kichwani ndiyo unayoyamwaga wewe?" Bibie akajibu, "Mama, hayo ni machafu, yataua mchicha." Kasheshe! Nikapigiwa simu niamue.

Hukumu yangu hii hapa. Mashine ile inayasukuma maji kwa nguvu kwenye utando wenye vitundu vidogo mno. Yanayopenya unakunywa, yanayobaki yanaondoka na chumvichumvi. Mashine nyingi za nyumbani zikikupa lita 1, zinamwaga kama lita 3. Nyumba inayokunywa lita 20 kwa siku inatupa lita 60, yaani ndoo tatu kubwa! Kiangazi cha Juni hadi Agosti, hizo zinatosha tuta la mchicha la kama mita 12 za mraba.

Je, ni sumu? Piga hesabu: chumvi ya lita 4 imekusanyika kwenye lita 3, kwa hiyo imeongezeka kwa theluthi tu. Maji ya Ziwa Victoria ni baridi, chumvi yake kidogo sana, hata ikiongezeka mchicha haujali. Mama mkwe kashinda kesi.

Lakini wewe wa Dar unayechuja maji ya kisima cha chumvi, usishangilie. Yako yalikuwa makali tangu mwanzo, na yanayotoka mpira wa pili ni makali zaidi. Tafuta kile kipimo kidogo cha kuchovya kwenye maji. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linasema chini ya miligramu 450 za chumvi kwa lita mmea hauna wasiwasi. Ikipita 2,000, hapo ni noma. Maharage, karoti na vitunguu ndio wadeko wa kwanza kulia, nyanya inavumilia zaidi. Ukiona ncha za majani zimeungua na udongo umeota ukungu mweupe wa chumvi, simama. Changanya na maji ya mvua, au yapeleke kudekia choo.

Wenye chujio la kauri au la mchanga, nyie hammwagi kitu ila maji ya kuoshea chujio. Yale yana tope na vijidudu, kwa hiyo mwagia shinani, siyo juu ya majani ya saladi.

La mwisho: ndoo ya akiba ifunikwe. Mbu anahitaji kama wiki moja hadi siku kumi tu kutoka yai mpaka kuruka, na Mara malaria haina utani. Ukikinga asubuhi, jioni mwagilia, ndoo ilale tupu.

Haya, mpenzi msomaji, kachungulie mpira wako wa pili unamwaga wapi. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!