Si kila upungufu wa kinga ni UKIMWI

Jamani, hebu tulitazame neno UKIMWI. Kirefu chake ni Upungufu wa Kinga Mwilini, basi. Waingereza na Wafaransa kwenye jina lao wameweka neno linaloonyesha kuwa mtu ameupata upungufu huo, hakuurithi. Sisi tumeliacha, na wanaoumia ni watoto.

Maana wapo wanaozaliwa na kinga pungufu bila kirusi chochote. Ni hitilafu ya vinasaba, na aina zake zilizotambuliwa ni zaidi ya 400. Mwaka 1952 daktari Mmarekani, Ogden Bruton, aliandika habari za mvulana wa miaka 8 aliyeugua kila mara kwa kukosa kingamwili. Alipochomwa kingamwili zilizotoka kwenye damu ya watu wengine, akapata nafuu. Aina hiyo hupitia kwa mama, na wanaougua karibu wote ni wavulana.

Sasa njoo kwetu. Utafiti wa kitaifa wa 2016-17 ulikuta VVU kwa asilimia 11.3 ya watu wazima Iringa na 9.3 Mbeya. Ndiyo maana mtoto akilazwa kwa nimonia mara ya tatu, mtaa unahukumu: ana ngoma. Kipimo kikikataa, unasikia amelogwa.

Hoja yangu ni hii: kupima VVU kuje kwanza, lakini majibu yakiwa hana, tusifunge faili. Tuulize: ameugua nimonia mara ngapi? Kaka zake, au wajomba zake, walifariki wakiwa wadogo? Maswali hayo hayagharimu hata senti.

Au nakosea, wadau?